Kula ni Siri ya Mwanachama

Kwa miaka kumi na mitatu mimi ndiye niliyekuwa herufi L ya meneja wetu. Yeye hakuwa nayo. Silaumu mtu; sisi watu wa Nyeri tumezaliwa katika lugha isiyo na L, na wengi wetu tunaitamka R mpaka tunaingia kaburini. Meneja alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni, akisema, "Rori ya mborea imerara Karatina," nami nikaandika kwenye taipureta kwamba lori la mbolea limelala Karatina. Alisoma barua, akatia sahihi, akajisifu kwamba siku hiyo ameandika vizuri. Sikumsahihisha hata mara moja, kwa sababu siku ambayo angejifunza L mwenyewe, mimi ningebaki na kazi gani?

Chama chetu kilikuwa cha ushirika, cha wakulima wa kahawa, si mbali na mji. Wakulima tuliongea nao Kigikuyu, lakini barua na matangazo yalikuwa ya Kiswahili, ili ofisa wa ushirika, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, asiachwe nyuma. Kiswahili hicho kilipitia kwangu. L yangu nilikuwa nimeipata shule ya msingi kwa mwalimu aliyekuwa na rula ndefu na subira fupi, na nilikuwa na majivuno nayo. Wacha niseme ukweli wote: nilikuwa na majivuno kwa kila kitu. Barua yangu haikuwa na kosa, na mtu aliyethubutu kutafuta kosa nilimpa kiti akae atafute.

Kisha, katikati ya miaka ya tisini, ikaja kompyuta.

Ililetwa na pikapu, imefunikwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na meneja mwenyewe akiishikilia kwa mikono miwili. Ilipewa meza yangu ya dirishani. Ilinunuliwa pazia, mimi niliyeomba pazia tangu nilipoajiriwa nikiambiwa mwaka ujao. Tukaamriwa kuvua viatu kabla ya kuingia chumbani mwake, eti vumbi linaiumiza. Anayeijua Nyeri mwezi wa saba anajua sakafu ya simiti inavyokuwa asubuhi. Nilivaa soksi mbili na kinyongo.

Pamoja na kompyuta alikuja msichana wa kunifundisha kuitumia, wa miaka ishirini na minne, mwenyeji wa Mathira, Nyeri hiyo hiyo, na cheti cha chuo ndani ya bahasha ya plastiki. Aliajiriwa kwa miezi mitatu. Meneja alituita wawili ofisini kwake akatuambia bila kuzunguka. Chama hakiwezi kuwa na watu wawili wa kuandika. Mkutano mkuu ni baada ya miezi mitatu. Kama kufikia hapo nitakuwa nimeijua kompyuta, msichana ataenda zake na mimi nitabaki. Kama sitakuwa nimeijua, yeye atabaki, na mimi nitaandikiwa barua ya shukrani.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, watoto wawili sekondari ya bweni, na ujuzi mmoja tu duniani. Nikamjibu kwamba nimesikia.

Mwezi wa kwanza sikujifunza kitu, na sikutaka. Nilibonyeza vitufe kwa nguvu za taipureta mpaka msichana akawa anafumba macho. Kila nikifika mwisho wa mstari, mkono wangu wa kushoto uliruka wenyewe kusukuma kile chuma cha taipureta kinachorudisha karatasi mwanzo wa mstari, kama ulivyofanya miaka yote, na kwa kuwa hapakuwa na chuma, ulimwaga chai ya msichana. Ulimwaga mara tatu. Mara ya nne alikuwa amejifunza kukaa upande wa kulia. Stima ilipopotea na kazi ya asubuhi nzima ikapotea nayo, nilirudi kwenye taipureta yangu nikiimba wimbo wa kanisani, sauti ya juu.

Aliniita Madam, na hakunikasirikia, na hilo lilinikera kuliko kila kitu.

Kilichonibadilisha ni ng'ombe. Nilikuwa nimeshikwa na homa nikalala nyumbani siku nne, na siku hizo meneja alimsomea msichana taarifa ndefu kuhusu mifugo iliyokuwa ikiingia mashambani mwa wanachama. Msichana aliandika alivyosikia, na alivyosikia ni vile yeye mwenyewe, asiye na L kama meneja, anavyotamka. Niliporudi nilikuta kurasa sita za ng'ombe wanaokura kahawa, mbuzi wanaokura kahawa, na wenyewe wanaowaacha wakure. Nilichukua kalamu nyekundu kwa furaha ambayo sijivunii. Hapo ndipo aliponishika mkono.

"Madam, ngoja kidogo. Hii mashini iko na njia yake."

Akabonyeza kitu, pakatokea kisanduku kidogo. Juu akaandika kura, chini akaandika kula, akabonyeza tena. Mashine ikasema imebadilisha mahali thelathini na moja. Nilisogeza kiti. Nilitazama ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila ng'ombe alikuwa anakula.

Niliona wivu. Kazi yangu ya miaka kumi na mitatu, ile ya sikio na rula, imefanywa kwa kidole kimoja. Halafu, kabla chai haijapoa, wivu ukageuka mapenzi. Nilimwambia airudie. Nikamwambia aniachie niirudie mimi. Jioni hiyo sikwenda kwenye taipureta.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kukaa nami. Niliandika orodha ya maneno kumi na saba ambayo meneja na msichana waliyavuruga kila siku, rori na lori, mborea na mbolea, kirimo na kilimo, kura na kula, nikaibandika ukutani. Kila karatasi iliyoandikwa humo ofisini, hata iwe ya mistari mitatu, niliipitisha kwenye orodha neno kwa neno, nikasikiliza raha ya mashine ikinihesabia makosa ya wenzangu. Kusoma karatasi yenyewe niliacha. Kwa nini nisome? Niliwasema makarani waliokuwa bado wanatumia kaboni, nikawaambia dunia inawaacha. Mimi, niliyekuwa nikimwaga chai mwezi uliopita.

Onyo nililipata, nikalipuuza. Barua moja ilienda Nairobi ikisema imeambatanishwa na kulasa tatu. Walijibu kwa adabu kwamba barua wameipata pamoja na kurasa tatu, ila hizo kulasa hawajaziona, tafadhali tuzitume. Nilimwambia msichana kwamba watu wa Nairobi hawajui Kiswahili.

Mkutano mkuu ukakaribia. Kwa kawaida tulichagua kamati kwa mlolongo: wagombea walisimama uwanjani, na kila mwanachama akapanga foleni nyuma ya mtu wake, jirani zake wakimwangalia. Mwaka huo ofisa wa ushirika alitaka uchaguzi wa siri, kwa karatasi. Lilikuwa jambo jipya, na meneja alimsomea msichana tangazo refu la kulieleza. Msichana aliliandika. Mimi nikalipitisha kwenye orodha yangu. Nilipofika kwenye neno kura, mashine ikasema kumi na moja, nikatikisa kichwa na kusema huyu mzee haponi. Nikaweka herufi zangu pale juu panapowekwa herufi za mwandishi, kwa maana kazi nzuri lazima ijulikane ni ya nani. Nakala mia mbili zikaenda kwenye viwanda vya kahawa, madukani, na makanisani.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, nilikwenda mjini kununua utepe wa printa. Mwenye duka la vifaa vya ofisi alikuwa mzee Mwislamu, mzaliwa wa Nyeri kama mimi, lakini nyumbani kwao Kiswahili ndicho walichonyonyea. Tangazo letu alikuwa amelibandika mlangoni. Alinipa utepe, akanipa chenji, kisha akaniuliza kwa upole mkubwa kama chama chetu siku hizi kimeingia biashara ya hoteli. Nilidhani anatania. Akalibandua tangazo, akavaa miwani, akanisomea polepole, kila neno akilipa haki yake.

"Mwaka huu wanachama wote watapiga kula kwa njia ya siri. Kila mwanachama ana kula moja tu. Kula ni siri ya mwanachama, na si ruhusa kuangalia kula ya jirani. Asiyeweza kupiga kula mwenyewe atasaidiwa na ofisa wa ushirika. Wanakamati wanaomaliza muda wao wakae mbali na mahali pa kula. Atakayepata kula nyingi zaidi ndiye atakayeongoza. Karamu zitatolewa bure mlangoni."

Akakunja miwani. "Sasa dada yangu, hebu nieleze," akasema. "Hizo karamu ni za nini, au mlitaka kusema kalamu?"

Kura ilikuwa sahihi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ofisini meneja alikuwa amesema R panapotakiwa R, nami nikaisahihisha mara kumi na moja. Na zile kalamu za kuwekea alama karatasi, ambazo meneja aliziita karamu kama alivyoziita siku zote, hazikuwa kwenye orodha, kwa kuwa wakati wa mlolongo hatukuwahi kumwambia mkulima kitu chochote kuhusu kalamu. Zamani ningeliona hilo nikiwa nimefumba jicho moja. Lakini sikuwa nimesoma.

Nilitoka mbio. Niling'oa matangazo kwenye maduka mawili. Kwenye la tatu mwenye duka alinifukuza, akasema wateja wake bado wanalisoma. Makanisani, kumbe, lilikuwa limeshasomwa Jumapili, na huko halikuharibika wala kutengenezeka, kwa sababu msomaji alisema kura na karamu, na mdomoni mwetu maneno hayo yanaweza kuwa lolote. Kila mtu alisikia alichopenda. Nilirudi ofisini nikamkuta msichana anafuta vumbi kwenye kompyuta. Sikumwambia. Nilimwambia meneja utepe umepatikana.

Mikutano mikuu miwili iliyotangulia ilikuwa imevunjika kwa kukosa watu wa kutosha. Jumamosi hiyo, kufikia saa mbili asubuhi, uwanja wa shule tuliokodi ulikuwa umejaa hadi kwenye ua. Walikuja wanachama ambao sikuwahi kuwaona ila majina yao. Walikuja na wake, na waume, na watoto, na wajukuu. Walikuja na sahani za bati, vijiko, na sufuria ndani ya vikapu vya kiondo, za kuwabebea chakula wagonjwa waliobaki nyumbani. Babu mmoja alinieleza, bila kuulizwa, kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana mchana, amejiwekea nafasi. Mlangoni palikuwa na karani anayegawa kalamu. Kila mmoja alipokea kalamu yake, akaigeuza, akamwangalia karani, akaendelea kusimama pale pale akingoja.

Wanakamati waliokuwa wanamaliza muda wao ndio walioumia zaidi. Katika nchi ya kahawa, siku zile, neno kula lilikuwa na maana ya pili ambayo hata mtoto aliijua, na tangazo lilikuwa limewaambia waziwazi wakae mbali na mahali pa kula. Mwenyekiti wao alikuwa na nakala mkononi. Aliamini ni njama ya wapinzani wake, akataka mkutano uahirishwe na mhusika afukuzwe hapo hapo, mbele ya ofisa wa ushirika. Meneja alipanda jukwaani akiwa na jasho.

"Ni nani ariandika hii kitu?"

Na macho yote, ya kamati, ya makarani, ya ofisa, yakaenda kwa msichana, kwa sababu tangazo lilitoka kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa ni yeye. Zile herufi zangu pale juu hakuna aliyejua kuzisoma. Mwenyekiti akamnyooshea kidole, akasema ati tunaletewa watoto wa chuo watuharibie chama.

Nilielewa kilichokuwa kinatokea. Nikikaa kimya kwa muda wa kumeza mate, msichana atafukuzwa, na kazi itakuwa yangu kabla jua halijazama. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Nilihitaji tu kukaa.

Msichana aliniangalia mara moja. Alijua, orodha ilikuwa ukutani. Kisha akainamisha kichwa na akanyamaza kwa ajili yangu.

Hapo nilikasirika. Ningependa kusema niliguswa, lakini ni hasira. Nani alimwomba anifichie? Mimi nisitiriwe na mtu niliyemmwagia chai mara tatu? Nikasimama kabla ya kufikiri.

"Ni mimi," nikasema. "Huyu hajui lolote. Ni mimi nilibadilisha, na sikusoma."

Kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikaeleza yote: ng'ombe, orodha, maneno kumi na saba, kura na kula, kalamu na karamu. Ilibidi nitamke R na L pole pole, mara nyingi, mbele ya watu elfu wasio na haja ya tofauti hiyo. Wa mbele wakaanza kucheka, kisha kicheko kikarudi nyuma mpaka kwenye ua, na yule babu aliyekuwa na njaa akauliza kwa sauti kubwa kama basi ndiyo kusema hakuna nyama. Nikamwambia hakuna. Nimewahi kuzaa mara mbili, na sijawahi kujisikia uchi kama asubuhi ile.

Mwenyekiti alikuwa anasema nifukuzwe. Mama mmoja mzee kwenye safu ya kwanza, mwenye sahani ya bati mapajani, akainua mkono na hakungoja kuruhusiwa. Nilimjua kwa uso. Alikuwa akileta kahawa yake mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso.

"Mimi nimeleta kahawa hapa tangu nikiwa msichana," akasema. "Kila mkutano tunauliza, ni nani? Ni nani amekula? Hakuna siku mtu alisimama akasema ni mimi. Leo mmoja amesimama. Na huyo hata hajakula."

Watu walicheka vibaya sana, na mwenyekiti akaketi. Yule mama akasema kwamba kwa kuwa watu wameshafika, na kalamu wanazo, heri wapige hizo kura, na chama kitafute chai na mkate, maana babu huyu atazimia. Wakapiga kura. Ofisa alisema hajawahi kuona mkutano uliojaa namna ile. Kamati nzima ya zamani ilianguka, na yule mama, ambaye jina lake lilipendekezwa hapo hapo, alipata kula nyingi kuliko wote, kama nilivyoandika.

Jumatatu kamati mpya iliniita pamoja na msichana. Meneja alikumbusha kwamba miezi mitatu imekwisha na mtu wa kubaki ni mmoja, akaniuliza mbele yao: je, kompyuta ninaijua au siijui? Nikisema ndiyo, msichana aende. Nikisema hapana, niende mimi. Niliwajibu kwamba kubonyeza ninajua, lakini nilisahau kusoma. Na huyu mwenzangu kompyuta anaijua, ila L hana. Nikawaambia sisi wawili ni mwandishi mmoja, wakitaka kumkata katikati ni shauri yao. Nilisema hivyo nikiwa na watoto sekondari. Yule mama mzee akasema tupewe msimu mmoja wote wawili, na karatasi yoyote isitoke kabla ya kusomwa na macho mawili ya kila mmoja.

Tulipotoka nje, msichana alinifuata hadi kwenye kona ya stoo. Alikuwa analia na kucheka.

"Madam, nataka nikuambie kitu," akasema. "Hiyo kompyuta, hata mimi siijui. Chuoni tulikuwa watu kumi na wawili kwa mashini moja, na niligusa mara nne. Niko na kitabu nimeficha choo. Kila asubuhi nasoma sura moja, halafu nakuja kukufundisha. Ulikuwa unashika haraka sana. Nilikuwa naogopa siku utanipita, ujue mimi si kitu."

Kwa miezi mitatu niliamka kila siku nikimwogopa msichana huyu, na yeye akiamka huko kwao, akaoga, akapanda gari kuja kazini, akiniogopa mimi. Nilimshika bega. Nikamwambia aende akakitoe hicho kitabu chooni sasa hivi, tukisome mezani kama watu, kabla wanachama hawajamaliza kurasa zake kwa shughuli nyingine.

"Madam," akasema, "sura ya kwanza imeshaenda."